Dakika Ishirini za Kuyeyusha Unga

Chupa mbili za kioo zimesimama kwenye trei, kila moja na unga mweupe mkavu chini na kizibo cha mpira juu. Muuguzi amezitoa kwenye friji sasa hivi. Anasoma tarehe ya mwisho ya matumizi, anasoma jina lililoandikwa kwenye karatasi, halafu analitamka ili mwenye jina aitikie. Mwenye jina ni mama wa makamo wa kutoka Uvira, kandokando ya Ziwa Tanganyika, ambaye siku hizi anaishi Houston, Texas, pamoja na Wakongo wengine wengi waliohamia mji huo. Muuguzi mwenyewe ni mzaliwa wa Kigoma, ng'ambo ya ziwa hilohilo.

"Mama, usiku kifua hakikubana?"

"Nililala vizuri, binti yangu."

Muuguzi anaandika jibu hilo kabla ya kugusa chupa. Dawa haitayarishwi mpaka ajue mgonjwa amekujaje.

Unga ule ni omalizumabu. Ni kingamwili iliyotengenezwa kiwandani ili ikamate kingamwili nyingine, ile inayosababisha mzio. Nimeomba ruhusa ya kukaa pembeni nitazame inavyotayarishwa, kwa kuwa nilikuwa nimesoma mengi kuhusu namna inavyofanya kazi mwilini na sikuwa nimesoma lolote kuhusu mikono inayoifikisha huko.

Pumu ya mama huyu ni ya mzio. Kinachomtesa ni protini za kwenye kinyesi cha utitiri wa vumbi, vidudu visivyoonekana kwa macho vinavyoishi kwenye magodoro na mazulia, pamoja na protini za mende. Mtu mwingine huvuta protini hizohizo na asijue. Mwili wa mama umeshazitengenezea kingamwili za aina ya IgE. Kila IgE ina mikono miwili ya kukamata protini inayoijua, na mguu wa kujishikiza kwenye kipokezi kilicho juu ya seli ya masti, ambayo hukaa kwenye utando wa njia za hewa ikiwa imesheheni histamini. Ikishajishikiza, hukaa hapo kwa majuma. Siku protini ya utitiri ikija ikazishika IgE mbili zilizo jirani na kuziunganisha, seli ya masti humwaga akiba yake yote katika muda wa dakika chache. Misuli ya mirija ya hewa hukaza, utando huvimba, makohozi huongezeka, na kifua huanza kupiga miluzi. Saa kadhaa baadaye huja uvimbe wa pili, wakati mgonjwa ameshadhani yamekwisha.

Kabla ya leo daktari alitaka namba mbili: uzito wa mama na kiasi cha IgE kwenye damu yake. Uzito ni kilo 64. IgE ni yuniti 180 kwa kila mililita. Yuniti moja ni nanogramu 2.4, kwa hiyo IgE yote iliyomo kwenye mililita moja ya damu yake haifiki hata nusu ya maikrogramu. Kingamwili za kawaida zinazopambana na vijidudu, za aina ya IgG, huwa nyingi kuliko hiyo kwa zaidi ya mara 20,000. Kitu kidogo namna hiyo ndicho kilichomnyima mtu usingizi miaka na miaka. Namba zile mbili zinakutanishwa kwenye jedwali la vipimo, uzito upande mmoja na IgE upande mwingine, na penye makutano imeandikwa miligramu 300 kila baada ya wiki 4. Angekuwa na uzito huohuo na IgE ya zaidi ya 200, angehamia kwenye jedwali la pili, la kuchomwa kila wiki 2. Lengo la hesabu hiyo ni dawa izidi IgE yote inayozunguka, ile iliyopo leo na ile itakayotengenezwa kesho, maana ikibaki kidogo tu huru, hicho kidogo kinatosha kuzivika seli.

Miligramu 300 ni chupa mbili. Muuguzi ananawa mikono, anavaa glavu, anapangusa vizibo kwa spiriti na kuviacha vikauke vyenyewe. Anavuta mililita 1.4 za maji ya sindano kwa bomba la mililita 3 lenye sindano nene ya geji 18. Chupa inabaki imesimama wima mezani. Anapenyeza sindano katikati ya kizibo na kuyaelekeza maji juu ya unga wenyewe, ili uloane wote mara moja. Unga unaitikia kwa kushikana. Sehemu inakuwa kama jeli, sehemu inabaki nyeupe.

Hapa ndipo asiyejua angetikisa chupa. Dawa nyingi za unga tunazozijua, za watoto hasa, hutikiswa kwa nguvu mpaka zichanganyike. Hii ikitikiswa inatoa povu, na protini zinazokutana na hewa kwenye mapovu hukunjuka na kugandamana, zikapoteza umbo ambalo ndilo uwezo wao. Muuguzi anaishika chupa kwa vidole vitatu, wima vilevile, na kuizungusha taratibu kwa muda wa dakika moja. Kiwiko hakiinuki, ni kifundo cha mkono tu kinachotembea. Anaiweka chini, anaanza ya pili. Baada ya hapo ni kusubiri dakika 5, kuzungusha sekunde 5 mpaka 10, kisha kusubiri tena. Kwa kawaida hufika dakika 15 hadi 20 kabla unga haujaisha. Kuna chupa zinazokaidi zaidi ya hapo, nazo huendelea kuzungushwa kila baada ya dakika 5. Isiyoyeyuka mpaka dakika ya 40 haitumiki.

Kusubiri huku hakupunguziki, na wala hajaribu kukupunguza. Anatazama saa ya ukutani, anaandika muda, anamuuliza mama habari za mwanawe aliyeanza chuo.

Watu waliotangulia kwenye kazi hii nao walisubiri. Mwaka 1921 huko Breslau, uliokuwa mji wa Ujerumani, Carl Prausnitz alichukua majimaji ya damu ya mwenzake Heinz Küstner, aliyekuwa hawezi kula samaki bila kudhurika, akajidunga kidogo kwenye ngozi ya tumbo lake mwenyewe. Siku ya pili alidunga mchuzi wa samaki palepale, na pale pakavimba na kuwasha. Ikathibitika kwamba kwenye damu ya mwenye mzio kuna kitu kinachoweza kuhamishwa kutoka kwa mtu hadi mtu. Ni kitu gani, haikujulikana kwa miaka 45. Kimishige Ishizaka na mkewe Teruko, Wajapani waliokuwa wakifanya kazi Denver, walikitafuta kwa kuondoa. Walichukua damu ya watu wenye mzio wa chavua ya magugu, wakaitenga sehemu moja baada ya nyingine, wakaondoa kila aina ya kingamwili iliyokwisha kujulikana, na kila hatua wakapima kwenye ngozi, zao wenyewe zikiwemo, kama uwezo wa kuwasha bado upo. Ulikuwepo. Waliendelea mpaka wakabaki na kitu kisicho mojawapo ya vilivyojulikana, na mwaka 1966 wakakitangaza. Huko Uppsala, Sweden, Gunnar Johansson na Hans Bennich walikuwa wameifikia protini hiyohiyo kwa njia tofauti, kutoka kwa mgonjwa wa saratani ya damu ambaye mwili wake uliitengeneza kwa wingi usio wa kawaida. Makundi hayo mawili yalilinganisha sampuli zao, na mwaka 1968 jina la IgE likakubaliwa rasmi. Mimi huwaheshimu wote wanne kwa hilo la kulinganisha, maana kila kundi lingeweza kushikilia lake.

Dakika ya tano. Muuguzi anaiinua chupa ya kwanza kwenye mwanga, anaizungusha, anaitazama ukingoni, anairudisha. Jeli imeanza kulegea.

Kuijua IgE ni kazi moja, kuizuia ni kazi nyingine, na ya pili ilikuwa na mtego. Kingamwili ya kuikamata IgE ilikuwa rahisi kuipata, na maabara nyingi zilikuwa nazo. Ila ukiimimina kwenye seli za mzio, nayo ina mikono miwili, hukamata IgE mbili zilizokwisha kujishikiza na kuziunganisha, yaani inafanya kilekile kinachofanywa na vumbi. Wanasayansi huitumia kwa makusudi hayo, kuziamsha seli hizo kwenye mirija ya vioo. Kumdunga mgonjwa wa pumu kitu cha namna hiyo kungekuwa kumchokoza shambulio.

Aliyeuona upenyo ni Tse Wen Chang, mwanasayansi mzaliwa wa Taiwan ambaye mwaka 1986 alianzisha pamoja na Nancy Chang kampuni ndogo ya Tanox, hapahapa Houston. Wazo lake lilikuwa juu ya mahali pa kushika. Mguu wa IgE una sehemu inayoingia kwenye kipokezi cha seli. IgE ikiwa huru kwenye damu, sehemu hiyo iko wazi. Ikishajishikiza, imefunikwa. Basi itafutwe kingamwili inayoshika sehemu hiyo na si nyingine yoyote. Itaikamata IgE inayoelea tu, na iliyokwisha kukaa juu ya seli haitaiona wala kuigusa. Ile iliyokamatwa haina tena namna ya kujishikiza, kama jembe ambalo tundu lake la mpini limeshazibwa.

Wazo hilo ni fupi kulieleza, lakini kulipata kwenye mwili wa protini kulitaka watu wa kuchagua na kutupa. Panya walichanjwa kwa IgE ya binadamu, seli zao zikatoa kingamwili za kila aina, na kila moja ilipimwa kwa maswali mawili: je, inaishika IgE iliyo huru? Je, inaiacha iliyo juu ya seli? Katika kampuni ya Genentech, California, ilipatikana moja iliyojibu yote mawili sawasawa, ikaitwa MaE11. Lakini ilikuwa kingamwili ya panya, na mwili wa binadamu ungeijua kuwa ni ya kigeni na kuishambulia. Leonard Presta na wenzake, waliochapisha kazi yao mwaka 1993, walichukua vile vitanzi vifupi vinavyogusana na IgE na kuvihamishia kwenye kiunzi cha kingamwili ya binadamu. Haikutosha kuvipachika tu. Kitanzi hukaa vizuri kutegemea kinachokiegemeza, na kukikosesha egemeo ni kuipunguzia kingamwili mshiko wake. Ilibidi kujaribu muundo mmoja baada ya mwingine, hapa asidi amino moja irudishwe ya panya, pale iachwe ya binadamu, na kila muundo upimwe upya. Uliochaguliwa uliitwa E25. Sehemu ya panya iliyobaki ndani yake ni kama asilimia 5.

Siku hizi hutengenezwa na seli zilizotokana na ovari ya hamsta, zinazokuzwa kwenye matangi makubwa. Husafishwa, hutiwa sukrosi ya kuilinda, hugandishwa na kukaushwa ikiwa kwenye baridi. Ndiyo maana unga ule unahitaji kurudishiwa maji kwa upole.

Imetimia dakika ya kumi na tano. Chupa ya kwanza iko tayari na ya pili bado ina nyuzinyuzi za jeli upande mmoja. Mimi nisingeziona. Muuguzi ananionyesha kwa kuinamisha chupa kidogo mbele ya taa, na nikiisha kuonyeshwa naziona. Anasubiri tena. Mapovu madogo pembeni hayamsumbui, yanaruhusiwa, na rangi ya ukungu hafifu nayo ni ya kawaida. Asichokubali ni kipande chochote kinachoonekana.

Dawa iliyoyeyuka ni nzito, inateremka kwenye kioo polepole. Anaipindua chupa, kizibo chini, na kuishikilia sekunde 15 ili yote ishuke. Kisha bomba jipya, sindano nene tena, na ncha yake anaiweka chini kabisa, usawa wa kizibo, kwa kuwa ikipanda juu kidogo itavuta hewa. Anavuta pistoni nyuma hadi mwisho wa bomba asiache tone. Anaitoa sindano nene, anafunga nyembamba ya geji 25, anasukuma nje hewa na ziada mpaka bomba lisome mililita 1.2. Hizo ndizo miligramu 150. Bomba la pili linafuata hatua zilezile, bila haraka na bila kuruka moja, ingawa ni wazi mikono yake ingeweza kwenda kasi zaidi. Kuna mabomba yanayokuja yamejazwa tayari kiwandani, na Marekani yaliidhinishwa mwaka 2018. Yanapunguza kazi hii yote. Hata hivyo chupa za unga bado zinatumika, na palipo na chupa lazima awepo mtu wa namna hii.

Anachoma chini ya ngozi, mkono wa kushoto kwanza na wa kulia baadaye, kwa kuwa hairuhusiwi kuweka zaidi ya miligramu 150 mahali pamoja. Kwa uzito wa dawa hii, kusukuma kunachukua sekunde 5 hadi 10. Nimetazama kidole gumba chake: hakikuongeza wala kupunguza nguvu tangu mwanzo hadi mwisho. Mama hakukunja uso.

Baada ya hapo mama haendi nyumbani. Dawa inayozuia mzio inaweza yenyewe kuleta mzio mkali, anafilaksia. Katika majaribio ilitokea kwa mtu mmoja hivi kati ya 1,000, na baada ya dawa kuingia sokoni ikaonekana kwa wawili kati ya 1,000 au zaidi, wengine wakiwa wameshaitumia zaidi ya mwaka bila tatizo. Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo hilo liwekwe juu kabisa ya maelezo. Kwa hiyo adrenalini iko kwenye droo ya karibu, mama ameketi anakoonekana, na muuguzi, hata anapomhudumia mwingine, kila mara anageuka kumtazama midomo na shingo.

Kwa macho, kazi imekwisha. Ndani ya mwili ndiyo inaanza. Dawa hupenya kutoka chini ya ngozi kwa siku kadhaa, na kiasi cha IgE huru kwenye damu hushuka kwa zaidi ya asilimia 95. Zile zilizokwisha kujishikiza kwenye seli haziguswi. Zinaachwa zimalize muda wake na kuachia zenyewe, na zikiachia hazipati za kuzirithi. Kisha hutokea jambo ambalo, katika yote niliyojifunza kuhusu dawa hii, ndilo linalonishangaza zaidi: kipokezi kinachokaa bila IgE hakidumu, seli hukirudisha ndani na kukivunja. Donald MacGlashan na wenzake walihesabu vipokezi kwenye basofili, seli za damu zenye tabia kama ya seli za masti. Kabla ya dawa, kila seli ilikuwa na takriban 220,000. Baada ya miezi 3 vilibaki kama 8,300. Hakuna aliyevishambulia. Vilinyimwa cha kushika, vikapungua.

Mtu akipima IgE ya mama mwezi ujao ataona imepanda, pengine mara kadhaa, na asiyejua atashtuka. Ni kwa sababu kipimo cha kawaida huhesabu na zile zilizokamatwa. IgE iliyo huru huondoka kwenye damu kwa siku chache tu, lakini ikiwa imeshikwa na dawa hukawia kuondolewa, ikajilimbikiza ikiwa haina madhara. Muuguzi ameandika kwenye faili la mama kwamba kipimo hicho kisirudiwe kwa ajili ya kubadili dozi. Nimeona uzuri katika sentensi hiyo moja ya mwandiko wake, iliyowekwa pale ili daktari mgeni asije akakosea.

Dawa iliidhinishwa Marekani mwezi Juni 2003 kwa wenye pumu ya mzio isiyotulizwa na steroidi za kuvuta. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya jaribio la watoto na vijana 419 wa mitaa ya miji ya Marekani, ambako mzio wa mende ni jambo la kawaida. Waliopata mashambulizi walikuwa asilimia 48.8 kwa waliopewa dawa bandia na asilimia 30.3 kwa waliopewa omalizumabu. Lile ongezeko la kila vuli, shule zinapofunguliwa na mafua kuenea, karibu lilitoweka.

Kwa mtu wa kutoka kandokando ya Tanganyika kulikuwa na swali la nyongeza. IgE ni silaha ya mwili dhidi ya minyoo na kichocho, na kwetu namba yake hupanda kwa sababu hizo bila pumu kuhusika. Kabla ya kuisoma ile 180, daktari alitaka kwanza mama apimwe choo. Huko Brazil, kwa watu walio kwenye hatari kubwa ya minyoo, watafiti waliona maambukizi yakiongezeka kidogo kwa waliotumia dawa hii, ingawa dawa za minyoo ziliendelea kuwatibu kama kawaida. Mama ameambiwa akisafiri kwenda kuwaona ndugu Uvira apimwe tena arudipo.

Pampu yake ya kuvuta haijaondolewa. Steroidi hazikatwi kwa ghafla, zitapunguzwa kidogo kidogo endapo kifua kitaruhusu, na daktari ataamua baada ya wiki 16 kama dawa inafaa kuendelea. Nusu ya kilichochomwa leo bado kitakuwemo mwilini baada ya siku 26 hivi, na zikizidi sana IgE mpya itaanza tena kupata nafasi ya kujishikiza. Kwa hiyo muuguzi amefungua kalenda kwenye wiki ya nne na kumuuliza mama zamu zake kazini, kwa sababu hataki kuandika siku ambayo mama atalazimika kuikosa.